Maji Hayayeyushi Mafuta, Bali Huiondoa Sukari Kikombeni



Kwa muda mrefu katika nchi hii kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema. Mtumishi aliyepandishwa cheo alitazamiwa anenepe, na bibi harusi aliyekonda baada ya kuolewa aliwatia wazee wake wasiwasi. Leo mambo yamegeuka. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Nyuma ya unene huo hufuata kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, na maradhi hayo humwondoa mwalimu darasani na karani mezani pake kabla ya wakati wake.

Penye hofu hapakosi mganga. Siku hizi kila kona ina mtu mwenye shauri la kupunguza unene, na shauri linalorudiwa kuliko yote ni maji. Husemwa kwamba maji ya moto yakinywewa alfajiri huyeyusha mafuta ya tumboni. Kwamba yakitiwa ndimu hukata kitambi. Kwamba asiyekunywa glasi nane kwa siku anajichimbia kaburi. Shauri la kunywa maji ni jema, lakini sababu zinazotolewa nyingi si za kweli. Na jambo jema likisimamishwa juu ya uongo haliwezi kudumu, kwa kuwa mtu akinywa mwezi mzima asione kitambi kimepungua, ataacha maji na kurudi kwenye soda yake. Yafaa basi ukweli utenganishwe na porojo.

Asili ya glasi nane

Hakuna ubishi kwamba mwili hauwezi kuishi bila maji. Kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji, kwa hiyo mwanamume wa kilo 70 amebeba maji yapatayo lita 42. Maji hayo huchukua chakula na hewa safi kupitia damu, hutoa uchafu kupitia figo, na hupoza mwili kwa njia ya jasho. Kila siku sehemu yake hupotea kwa mkojo, kwa jasho na hata kwa pumzi, na ni lazima irudishwe.

Swali ni kiasi gani. Mwaka 1945 bodi ya wataalamu wa lishe nchini Marekani ilitoa mwongozo kwamba mtu mzima anahitaji maji yapatayo lita mbili na nusu kwa siku. Lakini mwongozo huo uliongeza sentensi ambayo wengi waliisahau: kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Mwaka 2002 Heinz Valtin, profesa wa elimu ya figo katika nchi hiyo hiyo, alichapisha mapitio ya maandishi ya kitaalamu, na hakupata ushahidi wowote kwamba kila mtu mwenye afya lazima anywe glasi nane za maji kwa siku.

Wali uliopikwa, kwa mfano, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Tikiti maji lina zaidi ya asilimia 90. Mchuzi, uji, chungwa na chai, vyote huingia katika hesabu. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walikadiria kwamba mwanamume hutosheka na jumla ya lita 3.7 kwa siku na mwanamke lita 2.7, chakula na vinywaji vikihesabiwa pamoja. Mwaka 2010 wataalamu wa Umoja wa Ulaya walitaja kiasi kidogo zaidi, lita 2.5 kwa mwanamume na lita 2 kwa mwanamke. Wataalamu wenyewe wakitofautiana zaidi ya lita moja, ni dhahiri kwamba hakuna nambari takatifu. Mkulima anayelima juani na karani anayekaa kivulini hawawezi kupimiwa kwa glasi moja.

Kwa mtu mwenye afya kiu ni mshauri wa kutegemewa, na rangi ya mkojo ni shahidi wake: ukiwa mweupe wenye manjano hafifu, maji yanatosha, ukikolea, yameanza kupungua. Wazee ndio wanaopaswa kukumbushwa, kwa sababu kiu hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga. Vilevile watoto wanaocheza juani wakumbushwe, maana mchezo huwasahaulisha.

Je, maji huyeyusha mafuta?

Mwaka 2003 wachunguzi mjini Berlin, Ujerumani, walitangaza kwamba watu 14 waliokunywa nusu lita ya maji walionekana kuunguza nguvu za mwili kwa asilimia 30 zaidi kwa muda. Habari hiyo ilienea upesi, na hadi leo wauzaji wa mashauri huitegemea. Lakini mwaka 2006 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, walipima upya jambo hilo na hawakuona ongezeko kama hilo.

Hata mwanafunzi wa sekondari aweza kuihakiki hesabu hiyo. Maji ya nusu lita yenye joto la nyuzi 22 yakipashwa na mwili hadi nyuzi 37 hutumia kalori 7 na nusu tu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imehifadhi kalori zipatazo 7,700. Kwa hiyo anayetaka kupunguza kilo moja kwa njia hiyo peke yake angehitaji kunywa zaidi ya lita 500. Na kama maji yenyewe ni ya moto, kama wauzaji wanavyoshauri, mwili hauna hata kazi ya kuyapasha.

Udanganyifu mwingine ni wa jasho. Kuna wanaojifunga nailoni tumboni na kukimbia juani, kisha wakapanda mizani na kushangilia kilo moja iliyopungua. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kilichopungua ni maji, na glasi chache za kwanza zitakirudisha. Mafuta hayakuguswa, na aliyejifunga nailoni amejitafutia kuzimia bure.

Msaada wa kweli

Je, maji hayana kazi katika kupunguza uzito? La, yanayo, ila si ile inayotangazwa.

Kazi ya kwanza ni kulituliza tumbo kabla ya chakula. Mwaka 2010 wachunguzi wa chuo cha Virginia Tech, Marekani, walitoa matokeo ya watu 48 wenye umri wa miaka 55 hadi 75, ambao wote waliwekwa katika mpango wa kupunguza chakula. Nusu yao walikunywa nusu lita ya maji kabla ya kila mlo mkuu. Baada ya wiki 12 wanywaji wa maji walikuwa wamepungua kilo zipatazo 2 zaidi ya wenzao. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilieleza jaribio kama hilo kwa watu 84 wenye unene wa kupindukia, ambapo tofauti ilikuwa kilo 1.3. Kilo hizo si nyingi, wala haziji bila mtu kuangalia anachokula. Lakini glasi mbili za maji hazina gharama ya dawa wala madhara yake.

Kazi ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kuchukua nafasi ya sukari. Maji hayana kalori hata moja. Soda ya kola ya chupa ya mililita 350, isiyopunguzwa sukari, ina sukari ipatayo gramu 37. Mtumishi anayekunywa chupa moja kila siku hula kwa mwezi zaidi ya kilo moja nzima ya sukari, ambayo hakuitafuna wala kuihesabu. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angekaa mezani na kijiko akaimaliza kilo ya sukari kavu. Lakini ikiyeyushwa na kupozwa, hupita kooni bila kupigiwa hodi. Tena sukari ya kunywa haishibishi kama chakula cha kutafuna. Mtu hunywa soda yake, kisha hula wali wake kama kawaida.

Na asiyekunywa soda asijitoe haraka katika hesabu hii. Chai ya saa nne ni desturi ya kila ofisi na kila chumba cha walimu. Kijiko kimoja cha chai hubeba sukari kiasi cha gramu 4. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula gramu 36, yaani karibu sawa na chupa ile ya soda. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote za chakula, na kwamba ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5, yaani kiasi cha gramu 25 kwa mtu mzima wa kawaida. Kwa vikombe vitatu vya chai, kipimo hicho cha pili kimepitwa kabla andazi halijafika mezani.

Kazi ya tatu haihusu unene, lakini haifai kuachwa. Nchini Italia watu 199 waliokwisha kuugua mawe ya figo walifuatwa kwa miaka mitano, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Kati ya walioongezewa maji, 12 tu waliugua tena. Kati ya wasioongezewa, 27. Na mwaka 2018 uchunguzi wa wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa mara kwa mara na maradhi ya kibofu ulionyesha kwamba waliokunywa lita moja na nusu zaidi kila siku waliugua karibu nusu ya mara walizougua wenzao. Haya ni manufaa yaliyopimwa, wala hayakuhitaji porojo.

Mfano wa shule

Ndugu walimu wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Katika miji ya Dortmund na Essen, Ujerumani, wachunguzi walichagua shule za msingi 32 za mitaa yenye hali duni, zenye watoto 2,950 waliopimwa. Katika baadhi ya shule hizo waliweka mabomba ya maji ya kunywa, na walimu wakafundisha masomo manne kuhusu maji. Katika nyingine hawakufanya lolote. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: katika shule zenye mabomba watoto walikuwa wakinywa kiasi cha glasi moja zaidi kwa siku, na hatari ya mtoto kuwa na uzito uliozidi ilipungua kwa asilimia 31 ikilinganishwa na shule nyingine.

Mjini New York, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu shule zaidi ya 1,200 na wanafunzi zaidi ya milioni moja, ulikuta kwamba baada ya mashine za maji kuwekwa katika kumbi za chakula, idadi ya watoto wenye uzito uliozidi ilishuka. Ilishuka kidogo, chini ya asilimia moja, lakini ilishuka.

Yapasa kusemwa wazi kwamba wachunguzi hawakuthibitisha njia kamili iliyoleta matokeo hayo. Kule Ujerumani watoto hawakuonekana kupunguza soda. Lakini somo moja halina shaka. Hakuna mtoto aliyehubiriwa ajizuie. Maji yaliwekwa mahali anapopita, naye akayanywa. Mazoea ya afya hayaanzi kwa karipio. Huanza kwa kitu kuwa karibu na mkono.

Maji yapi?

Hapa ndipo shauri la kunywa maji linapogonga mwamba. Mjini Dortmund mtoto akifungua bomba hahitaji kuuliza kama maji yatamwua. Katika nchi hii swali hilo ni la lazima. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 jijini Dar es Salaam ulienea katika mikoa mingi na kuua watu. Katika Arusha na Kilimanjaro ziko sehemu ambazo maji ya ardhini yana floridi nyingi, inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, kuidhuru mifupa.

Hivyo basi, mwalimu anapowaambia watoto wanywe maji katika shule isiyo na maji salama, anawapa shauri wasiloweza kulifuata. Mtoto atabeba kiu hadi nyumbani, au atakunywa kisimani, au, kama ana shilingi mfukoni, atakwenda kwenye kioski, ambako soda baridi haikosekani. Ukweli mchungu ni kwamba ziko sehemu ambazo chupa ya soda imefika kabla ya bomba la maji. Katika mahali kama hapo unene na kipindupindu, vinavyodhaniwa kuwa maradhi ya watu wawili tofauti, tajiri na maskini, vina chanzo kimoja: kukosekana kwa maji ya kunywa yaliyo salama na ya karibu.

Taifa lililijua jambo hili zamani. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, wakajifunza maradhi na namna ya kuyakinga. Mwaka 1991 ulifika kabla lengo la maji halijatimia, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikabakiza kipimo kile kile cha mita 400, kwa kituo kimoja cha maji kuhudumia watu 250. Lengo lililochelewa halijafutika. Ila wakati bomba linangojewa, liko la kufanya.

La kufanya

Maji yachemshwe hadi yatokote kabisa kwa dakika moja, na katika sehemu za milima mirefu dakika tatu, kisha yafunikwe. Pasipo na kuni za kutosha, dawa ya klorini itumike kwa kipimo kilichoandikwa. Hata jua lina msaada: maji maangavu yakitiwa katika chupa nyeupe za plastiki na kuanikwa kwenye jua kali kwa saa sita, vijidudu vingi hufa. Lakini ieleweke kwamba kuchemsha hakuondoi floridi. Kwa sehemu zenye tatizo hilo kinachohitajika ni chanzo kingine au chujio maalumu, kama lile la mkaa wa mifupa lililoshughulikiwa na kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha.

Maji hayo yawekwe katika mtungi wenye kifuniko au ndoo yenye bomba, si katika ndoo ya wazi ambamo kila mkono huzamisha kikombe. Mtungi wa udongo una faida ya ziada, kwani hutoa jasho na kuyapoza maji bila umeme. Na vyoo visisahauliwe. Msichana asiye na choo cha staha shuleni hujizuia kunywa tangu asubuhi, na vivyo hivyo mwalimu wake. Palipo na mtungi pasipo na choo, mtungi utabaki umejaa.

Maofisini sukari itengwe na chai, iletwe kando ili kila mtu ajitilie, na kijiko kimoja kipunguzwe kila baada ya wiki chache hadi ulimi uzoee. Vikaoni ni kawaida kuona soda zimepangwa meza kuu na maji yakitafutwa nyuma ya ukumbi. Mpango huo ugeuzwe. Hilo halihitaji fungu jipya la fedha, kwa sababu mtungi wa maji yaliyochemshwa ni nafuu kuliko kreti ya soda.

Pamoja na hayo, kila jambo lina kadiri yake. Katika mbio za Marathon za Boston za mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 kati yao chumvi ya damu ilikuwa imeshuka chini ya kiwango, hasa waliokunywa kupita kiasi hata wakaongezeka uzito njiani. Mgonjwa wa figo au wa moyo aliyepimiwa maji na daktari afuate kipimo cha daktari, si cha jirani.

Ndugu walimu na watumishi, methali husema haba na haba hujaza kibaba. Kilo ya sukari kwa mwezi huingia mwilini kijiko kwa kijiko, na kwa njia hiyo hiyo yaweza kuondolewa. Anayetaka kupungua ale kwa kiasi, atembee, na anywe maji mahali pa soda. Lakini mkuu wa shule na mkuu wa ofisi wana wajibu zaidi ya huo. Kabla ya kumwambia mtu anywe maji, wahakikishe maji yapo, ni salama, na kikombe kiko karibu.